Bosi aliniambia nasalimia sana: nilivyoacha kliniki ya Randburg nikawa daktari wa kulipwa kwa mwezi Yeoville

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote za leo.

Nitakachoandika hapa hakina majani wala sukari. Mwenye kiu ya chai, yaani hadithi za kutunga, apitilize nyuzi za jirani, huku kuna maji ya bomba tu. Jina la mgonjwa nimebadilisha, na yeye mwenyewe nimemwomba ruhusa. Alicheka, akaniambia niandike, ila nisimfanye mzee.

Iko hivi. Wiki iliyopita dogo mmoja wa humu, yuko internship, alinifuata PM. Anapenda family medicine lakini wenzake wanamcheka. Wanamwambia daktari wa familia ni karani wa kuandika rufaa, akimaliza kusoma atakaa kwenye kliniki ya watu anahesabu vichwa mpaka astaafu. Akaniuliza, "Dada, kuna maisha huko kweli?"

Nikaanza kumjibu, nikajikuta naandika gazeti. Nikaona nilete hapa tusome wote.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Niko Johannesburg mwaka wa kumi na moja sasa, nimeolewa, na ni daktari wa familia. Miaka sita nilifanya kazi kwenye kliniki moja ya binafsi kule Randburg. Jengo zuri, AC, mashine ya kahawa, maegesho ya kumwaga.

Kila mgonjwa dakika kumi. Kwenye kompyuta kulikuwa na kisaa pembeni. Dakika ya nane kinageuka njano, ya kumi kinakuwa chekundu. Ukikipuuza, mwisho wa mwezi unaitwa ofisini.

Niliitwa sana tu.

Siku moja meneja wetu, kaka mmoja mstaarabu wa hapahapa, alifungua ripoti yangu akaniambia kwa upole kabisa, "Daktari, wagonjwa wanakupenda. Lakini unasalimia sana."

Wakuu, mimi nimezaliwa Tanga! Kwetu ukimuuliza mtu "habari" mara moja tu ukakaa kimya, anajua mmegombana. Unauliza za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Mama yangu mpaka kuku wa jirani anawaulizia.

Lakini nilikuwa na mkopo wa nyumba na watoto shuleni. Nikajifunza. "Habari? Nzuri? Haya, tatizo nini?" Miezi miwili tu ripoti yangu ikawa kijani tupu. Meneja akanipongeza mbele za watu, na mimi mjinga nikafurahi.

Sasa kulikuwa na mgonjwa wangu mmoja, nitamwita Maman Espérance. Ni Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani, anaishi Yeoville na ana duka lake hukohuko. Ana sukari. Alikuwa anapanda taxi mbili kuja Randburg, anapita kliniki kibao njiani, kwa sababu moja tu: kwangu angeongea Kiswahili.

Siku hiyo alikuja kuchukua dawa. Nikamuuliza habari, akasema muzuri. Nikapima, nikaandika, nikamkabidhi karatasi. Dakika saba. Nikajisikia bingwa.

Alipofika mlangoni akasimama. Akageuka, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Nyuma yake mgonjwa mwingine alishaanza kuingia. Akanitazama, akatazama kile kisaa, akasema, "Bon, docteur, kazi njema."

Akaondoka.

Ile picha ilinikaa. Napika naiona, naendesha gari naiona. Nikimsimulia mume wangu ananiambia, "Si umpigie simu umuulize?" Sikumpigia. Niliona aibu, sijui kwa nini. Nitawaambia mbele kwa nini hii sentensi inaniuma.

Mwaka huohuo ndipo nikasikia habari za direct primary care. Kwa ambao hawajui: mgonjwa anamlipa daktari wake kiasi kidogo kila mwezi, moja kwa moja. Hakuna medical aid, yaani bima ya afya, katikati, hakuna fomu za madai. Akiumwa anakuja, asipoumwa anakuja pia akitaka. Namba ya simu ya daktari anayo. Daktari naye anachukua watu wachache ili awe na muda nao. Upasuaji na kulazwa havimo, hayo ni ya hospitali.

Nikasema, hii ndiyo kazi niliyosomea.

Sikukurupuka lakini. Nilikwenda kwa mwanasheria kwanza, maana nchi hii ukimlipisha mtu kwa mwezi wanaweza kusema umefungua bima ya kichochoroni. Akaniandalia mkataba unaosema waziwazi kwamba hii si bima na haichukui nafasi ya bima. Dogo, ukisahau yote, hili la mwanasheria usilisahau.

Nikatoa notice. Meneja akanishika mkono akaniambia mlango hautafungwa. Mume wangu alipiga hesabu siku mbili, ya tatu akaniambia, "Basi mwaka huu likizo hatuendi popote." Nikajua amekubali.

Nilikodi chumba Yeoville, nyuma ya saluni ya kusuka. Ada ya mwezi niliiweka sawa na bei ya kusuka rasta mara moja, tena zile za kawaida. Mteja wa kwanza kabisa kusaini alikuwa Maman Espérance. Na hakuja peke yake! Alileta kwaya nzima ya kanisa lao, wasusi, mafundi wenzake, walinzi, na wamama wa Kirundi wawili wanaouza dagaa.

Kila mwanachama mpya nilimpa saa nzima ya kumpima kuanzia utosini mpaka kwenye kucha. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Yeye Maman Espérance kila nikimpangia siku yake, anaitoa kwa mwingine. "Mimi docteur ananijua. Pima kwanza hawa." Na mimi moyoni nasema kweli, huyu faili lake nalijua, ataingia mwishoni. Mwenyeji siku zote anakula wa mwisho.

Wakuu, hapo ndipo nilipoteleza. Daktari mwenye akili zake hasemi "huyu namjua".

Mwezi wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili, kimya.

Simu hailii. Siku nzima watu wawili, siku nyingine hakuna hata mmoja. Nimekaa nasikiliza dryer ya saluni upande wa pili wa ukuta. Namba yangu wanayo wote, nimeibandika mpaka kwenye kadi zao kwa maandishi makubwa. PIGA SAA YOYOTE.

Nikajidanganya kwamba ni wazima. Nikasema si ndiyo lengo lenyewe? Dawa zinafanya kazi, watu wanapona.

Mwezi wa tatu wakaanza kuacha kulipa. Hakuna aliyekuja kugomba. Mkutane barabarani, wanakusalimia vizuri, wanainama kidogo, wanapita zao. Kufika mwisho wa mwezi walikuwa wamebaki chini ya nusu.

Nililia jamani. Sioni haya kusema. Mtu mzima na digrii zangu, nimejifungia chumbani nalia huku upande wa pili watu wanacheka wanasukana.

Hapo ndipo meneja wa Randburg akapiga. Kuna nafasi imepatikana, mshahara uleule, nijibu kabla ya Ijumaa. Nilikata simu nikamwambia mume wangu narudi. Hakusema "nilikwambia", na namshukuru mpaka leo kwa kutolisema neno hilo.

Lakini sasa, unawaagaje watu? Kuwaandikia meseji "nimefunga, kila la heri" niliona ni utovu wa adabu. Nikasema nitampigia mmoja mmoja. Nikachukua daftari, nikaandika majina, na la kwanza juu kabisa nikaweka Maman Espérance, maana ndiye aliyenikaribisha.

Jumatano asubuhi, kama saa nne, nikampigia.

Na habari mbaya huanzi nayo, si ndiyo? Lazima usalimie kwanza. Na kwa kuwa nilikuwa naogopa kufika kwenye lile neno, nikasalimia kwelikweli. Kitanga. Nimefunga macho kabisa.

Habari za tangu siku zile? Muzuri. Za nyumbani? Muzuri. Watoto? Wako, wanasoma, sasa wananijibu Kizulu tu. Tukacheka. Mzee? Yuko kazini. Kanisani? Kwaya wanashona yuniform mpya. Enhe, na kazi yenyewe inaendaje?

Akasema, "Kazi iko, docteur. Ila sasa ninakanyaga mashini na muguu moja."

Nikafungua macho.

"Kwa nini mmoja, Maman?"

"Huu mwingine ulivimba kidogo. Kiatu haiingie."

"Tangu lini?"

"Ile juma iliyopita. Haiume, docteur. Hata kidogo haiume. Usiwe na mawazo."

Dogo wangu intern, hapo najua umeshasimama. Mtu wa sukari, mguu umevimba, na hauumi! Afadhali angeniambia unawaka moto.

Sikumbuki nilivyofunga mlango. Dukani kwake ni mitaa sita tu, ila kila robot ilinikamata nyekundu. Eish, nilizitukana hizo taa za barabarani mpaka nikaomba toba.

Nilimkuta amekaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, ile ya zamani, anayoitunza kwa sababu umeme wa huku unakatika. Kitambaa cha kwaya cha zambarau kimejaa mapajani. Mguu wa kushoto umefungwa kanga. Nikapiga magoti pale sakafuni kwenye vipande vya nguo, nikafungua.

Harufu ilinifikia kabla sijaona.

Chini ya unyayo, karibu na kidole kidogo, kulikuwa na pini. Ile pini ya fundi, yenye kichwa cha duara. Imezama yote. Alikuwa ameikanyaga wiki nzima nyuma, na wiki nzima alikuwa anashona na pini mguuni hajui. Mguu wake ulishakufa ganzi.

Wekundu ulikuwa umepanda mpaka karibu na kifundo. Sukari yake mashine yangu iliandika neno tu, haikutoa namba, ilikuwa juu kuliko inavyoweza kusoma.

Nilimwambia, "Maman, tunaenda hospitali sasa hivi."

Akasema amalize mkono wa nguo.

Nikamwambia kwa sauti ambayo mwenyewe sikuijua, "Maman Espérance, ukimaliza huo mkono utapoteza mguu!" Mafundi wote dukani wakageuka. Akaweka kitambaa chini. Tukambeba mimi na fundi mwenzake mpaka kwenye gari.

Sikumwacha getini. Niliingia naye, nikakaa naye, nikaeleza mwenyewe kwa daktari wa zamu kila kitu, tangu dawa anazokunywa mpaka pini yenyewe niliyoichomoa nikaiweka kwenye kichupa. Kwa zile dakika kumi za Randburg nisingefika naye hata kwenye taa ya kwanza.

Alifanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Kidole kidogo kilikatwa. Mguu ukabaki.

Daktari wa upasuaji, dada mmoja wa makamo, alitoka akaniambia, "Siku mbili tatu zaidi tungekuwa tunazungumzia goti." Halafu akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ni daktari wake wa familia. Akanitazama akasema, "Na umekuja naye?"

Nikasema ndiyo. Kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu nikasikia kazi yangu ina maana.

Kesho yake nilikwenda kumwona wodini. Nilikuwa na swali moja. Nikamuuliza, "Maman, namba yangu unayo. Kwa nini hukunipigia?"

Alitazama dirishani kwanza. Nitaandika alivyosema mwenyewe.

"Docteur, weye ni mutu mukubwa. Miezi miwili haukunisalimia hata siku moja. Sasa mimi nikupigie na magonjwa tu, bila salamu? Ningeanza namna gani? Sisi wote tulifikiri tulikukosea kitu."

Sisi wote!

Wakuu, nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikahisi joto usoni. Mimi nasubiri wapige. Wao wanasubiri nisalimie. Nimechukua ada za watu, nikajifungia chumbani nikanyamaza, na kwa watu wetu mtu aliyekunyamazia humpelekei shida zako. Unamwogopa. Kadi imeandikwa PIGA SAA YOYOTE, lakini nani anapigia kadi?

Mzungu angepiga, amezoea. Anapiga anasema "mguu wangu umevimba", mmemaliza. Sisi hatuko hivyo na mimi nilijua hatuko hivyo. Kliniki ilinifundisha miaka sita kusahau kwetu.

Kisha nikamuuliza la pili, lile la mlangoni Randburg. Siku ile ulitaka kusema nini?

Akafikiri kidogo. "Ah. Ile siku. Nilitaka kusema miguu yangu haisikie tena baridi ya sakafu. Lakini ulikuwa na watu."

Nililia tena, mbele yake sasa. Yeye mwenye kidole kilichokatwa ndiye aliyenibembeleza mimi. Fikirieni aibu hiyo.

Tunapenda sana kuwasuta wagonjwa na ile methali, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Sawa. Lakini huyu hakuficha. Alisimama mlangoni nayo mkononi, mimi ndiye niliyekuwa naangalia saa.

Ijumaa meneja akapiga. Nikamshukuru kutoka moyoni, maana hakuwa mtu mbaya, nikamwambia sirudi. Akaniuliza kama nimepata wagonjwa. Nikamwambia ninao, ila nilikuwa sijawasalimia. Nadhani hakunielewa, na sikumlaumu.

Jumatatu nilianza. Nikachukua lile daftari nililoandika majina ya kuwaaga, nikawapigia wote, hata walioacha kulipa. Sikumtaja mtu ada. Sikuuliza "unaumwa?" Nilisalimia tu, mpaka mwisho.

Na kila mara ikawa vilevile. Swali la kwanza nzuri, la pili nzuri, la tatu salama kabisa. Kwenye la nne au la tano ndipo linatoka. "Isipokuwa huyu mtoto anakohoa." "Ila usiku nakojoa mara sita." Mlinzi mmoja mtu wa miraba minne aliniambia yeye ni mzima kama chuma, tukafika kwenye habari za mkewe kijijini, akaanza kulia kwenye simu. Huyo sasa tunaonana kila wiki mbili.

Walianza kurudi taratibu. Si wote. Kuna wengine waliona wameshanikinai, na ni haki yao.

Sasa kila siku asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nina saa moja ya kupiga salamu. Watu wanane au tisa. Kila mwanachama anafikiwa mwezi hadi mwezi bila kuomba. Hiyo saa naihesabu ni kazi, tena ngumu kuliko zote. Na miguu ya wenye sukari naivua viatu mwenyewe, hata ya ninaowajua. Hasa ya ninaowajua.

Dogo, sitakudanganya. Mwaka wa kwanza nilipata pungufu ya nilichokuwa napata Randburg, na watoto wangu walikula maharage mpaka wakaanza kuyapa majina. Hakuna likizo ya kulipwa. Ukiumwa wewe, inabidi umwombe mwenzako akushikie zamu. Kuna siku unachoka na simu unatamani uitupe. Na si kila mtu anamudu ada hata iwe ndogo, hilo bado linanisumbua, sina jibu lake.

Lakini wanaokuambia daktari wa familia ni karani wa rufaa, waambie wamuulize Maman Espérance. Amerudi kwenye cherehani yake. Anakanyaga kwa miguu yote miwili, ana viatu vya ngozi vinavyofunika vidole, na dukani kwake kuna sumaku inaning'inia kwenye kamba. Kila jioni anaiburuza sakafu nzima kukusanya pini. Amewalazimisha mafundi wa mtaa mzima wafanye hivyo.

Somea, mdogo wangu. Soma vitabu vyote, faulu mitihani yote, halafu ukimaliza usiwaruhusu wakuondolee salamu. Ukiweza kufanya hivyo ndani ya kliniki ya watu, fanya. Mimi nilishindwa, nikatoka. Na sirudi.

Namalizia na ya jana.

Nilikuwa naandaa chai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ikaita. Maman Espérance. Moyo ukanilipuka, nikajua mguu.

"Docteur, jambo. Habari ya kulala?"

Nzuri.

"Ya watoto?"

Nzuri, wanajiandaa shule.

"Mzee?"

Mzima kabisa.

"Na kazi?"

Kazi ipo, Maman. Nikamuuliza haraka, wewe je, mguu? Akasema mguu uko muzuri, niache kuzungumzia mguu, leo ni yeye anayepiga.

Kisha akauliza tena, polepole, "Na weye mwenyewe, docteur?"

Nikasema nzuri.

Hakusema kitu. Alikaa tu kwenye simu, nasikia cherehani yake imesimama. Akasubiri.

Nikasema, "Nzuri, Maman. Ila nimechoka kidogo."

Akasema, "Enhe. Sema sasa."

Wakuu, nikavuta kiti nikakaa.

Haya, uwanja ni wenu. Madaktari na manesi mliomo humu, mlio Tanzania, Kenya, Kongo, huku Bondeni Afrika Kusini, popote: nyie mnawasalimiaje wagonjwa wenu? Na nyie wagonjwa, ni jambo gani mlilorudi nalo nyumbani kwa sababu daktari alikuwa anaangalia saa? Andikeni. Nitasoma zote, na nitajibu moja moja, ila baada ya saa yangu ya salamu.